Dalali hakukagulii hati

"Nunua kupitia dalali anayejulikana, hutapigwa." Kauli hii utaisikia Njiro, Moshono hadi Sakina, na ukweli wake ni nusu tu. Dalali mzoefu wa Arusha anajua nyumba ipi inauzwa, mwenye nyumba ana haraka kiasi gani na bei za mtaa zikoje. Hiyo ni kazi, na inastahili kulipwa. Ila kamisheni yake hutoka biashara ikifungwa, hati iwe safi au iwe na matatizo.

Kuhakiki hati ni juu yako, au wakili wako. Chukua namba ya hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati na ulipie ada. Majibu yataonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama limewekwa. Picha ya hati kwenye simu ya dalali haikuambii kuhusu mkopo uliochukuliwa mwezi jana.

Halafu kuna mwenza, na hapa ndipo wengi huumia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mzee amesaini, mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri, dalali kashachukua chake, kisha mama anatokea na kesi. Dai ridhaa ya maandishi mapema, hata kama dalali anakuona msumbufu.

Malipo yaingie benki, kwenye akaunti ya muuzaji. Dalali alipwe kando, kwa risiti.