Durham: tao lililochongoka ndani ya kanisa la matao ya duara

Waulize wanafunzi wa usanifu majengo mtindo wa Kiromaneski, ule wa makanisa ya Ulaya kabla ya Kigothi, ni nini, watakujibu kama kasuku: kuta nene, madirisha madogo, matao ya nusu duara. Sawa. Kisha huwa nawaonyesha picha ya dari ya Kanisa Kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, na hapo kitumbua kinaingia mchanga: matao mengine yamechongoka juu.

Askofu William wa St Calais alianza kulijenga mwaka 1093, miaka 27 baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza. Alichagua kubomoa kanisa lililokuwepo na kuanza upya, juu ya mwamba uliozungukwa na mto Wear pande tatu. Humo ndimo ungelazwa mwili wa Mtakatifu Cuthbert, ambao watawa wa kisiwa cha Lindisfarne walikuwa wamehama nao mwaka 875 kwa kuwakimbia Waviking. Dari ya ukumbi wa waumini ilikamilika mwaka 1133. Miaka 40, kwa jengo la ukubwa ule na zana za mkono! Sisi tuna kreni na bado tunachelewa.

Kwanza utaziona nguzo. Zile za mviringo zina kimo cha mita 6.6, na ukizizungushia kamba unapata mita 6.6 zilezile. Zimechongwa mifereji, mingine ikipanda kwa kujizungusha kama uzi wa parafujo. Sogea karibu utazame mfereji mmoja: unapita jiwe hadi jiwe bila kukatika. Mwashi aliyekosea kipimo kidogo tu angeumbuka mbele ya kanisa zima.

Ila mimi husema: inua macho uone matao yanayoibeba dari. Tao la nusu duara halina hiari, kimo chake ni nusu ya upana wake. Chora mstatili sakafuni, kisha usimamishe tao kwenye upande wenye mita 10: litapanda mita 5. Sasa simamisha jingine kutoka pembe hadi pembe, tuseme mita 12: litapanda mita 6. Vilele havilingani, na dari inakuwa na mabonde. Waashi wa Durham waliyaacha matao ya pembe hadi pembe yabaki nusu duara, halafu yale yanayokatiza ukumbi wakayachongoa juu ili yafikie kimo kilekile. Ulikuwa ujanja wa hesabu kabla ya kuwa pambo, na mtindo wa Kigothi, unaojulikana kwa matao yaliyochongoka, ulikuwa bado haujazaliwa.

Dari ya mawe pia husukuma kuta kwenda nje. Dawa yake waliificha: matao ya robo duara chini ya mapaa ya pembeni, usiyoyaona hata ukilizunguka kanisa lote kwa nje.

Si kila kitu kilisimama. Dari ya upande wa altare, iliyotangulia kujengwa, ilipasuka ikabidi ivunjwe na kujengwa upya katika karne ya 13. Ya ukumbini ingali ileile ya 1133.