Kura Laki Moja za Wacheza Gemu Zinapima Nini?

Wacheza gemu wengi huamini kwamba kura ikishapigwa na maelfu ya watu, basi imesema ukweli. Wingi pekee hautoshi. La muhimu ni nani aliulizwa na nani alijitokeza kujibu, na kwenye kura za wazi hujitokeza zaidi wenye hasira au mapenzi makubwa. Anayecheza nusu saa baada ya kazi kisha akalala hata hajui kuna kura.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya kura zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon angemshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Kwenye gemu, mfano mtamu ni Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009. Sahihi zaidi ya 100,000 zilikusanywa kulalamika kwamba wachezaji wa kompyuta wamenyimwa seva zao maalumu, yaani kompyuta za kuendeshea mechi za mtandaoni ambazo wachezaji wenyewe huzisimamia. Ilipotoka, gemu iliuza nakala takriban milioni 4.7 Amerika Kaskazini na Uingereza ndani ya saa 24, na ikasambaa picha ya kundi la kuisusia kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanachama kibao wakiicheza. Watu wakacheka: waongo hawa!

Kicheko hicho nacho kilikuwa hesabu mbovu. Mauzo yale yalijumuisha mashine za gemu za PlayStation na Xbox, ambazo ugomvi wa seva haukuzihusu. Nayo picha iliwanasa waliokuwa mtandaoni dakika ile tu. Aliyesusia kweli akazima kompyuta angehesabiwa vipi?