Kulipa dhamana si kumaliza kesi

Barazani Kisauni au Likoni utasikia: “Keshalipa dhamana, kesi imekwisha.” Haijakwisha. Pesa hizo ni amana tu, ya kuhakikisha mshtakiwa atarudi mahakamani. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Aliyeweka pesa taslimu hurudishiwa kesi ikimalizika, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alihudhuria kila alipotakiwa, kwa hiyo ile risiti (wengi huitupa!) itunzwe. Asipotokea siku ya kesi bila sababu, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata, na pesa zikachukuliwa na serikali. Hapo hata mdhamini aliyeweka hatimiliki ya shamba hukosa usingizi.