Vitumbua Mia, Faida Sifuri

Msichana akinijia pale Ngamiani, Tanga, na kusema, "Dada, nitafutie mtaji," siku hiyo simjibu. Namwomba nije nimwone akiwa kazini.

Mmoja wao anapika vitumbua Makorora. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshakaa kwenye kibao chao cha mbuzi, kalamu mkononi. Kilo mbili za mchele zinampa vitumbua mia moja, kimoja shilingi 200. Faida, anasema, ni 7,000 kwa siku. Tukaandika: mchele 5,600, mafuta 5,000, sukari 1,500, hamira na iliki 900. Jumla 13,000. Hesabu yake iko sawa.

"Na nazi?"

Akacheka. Nazi tatu ni za mama, mkaa nao ni wa nyumbani. Nazi 3,000, mkaa 2,000: faida imebaki 2,000. Hapo wadogo zake walishakula kumi kabla ya kwenda shule. Kumi mara 200. Akanyamaza, akageuza kitumbua kilichokuwa kinaungua.

Huyu ukimpa mkopo leo, anayelipa ni mama yake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha nzuri, ila rejesho lina tarehe yake. Ukikwama unakimbilia kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa, na hao nimewaona wakibeba jiko likiwa bado na moto.

Basi tukaanza na nazi. Yeye na wenzake wawili wanachanga na kununua kwa jumla zile zinazotoka Pangani. Vitumbua kumi vya wadogo zake hatukuvikataza, nani atamnyima mdogo wake? Vinaandikwa kama vimeuzwa, na mama analipa kwa mkaa. Kwenye bei tuligombana. Mimi nilitaka 250; akaniambia chenji ya hamsini itamchelewesha na foleni itahamia kwa jirani. Alikuwa sahihi, akaongeza chai ya tangawizi badala yake.

Wiki ya tatu daftari lilikuwa na ukurasa ambao sikumfundisha: majina ya wapanda baiskeli wanaokula asubuhi na kuahidi kulipa jioni. Wanne walishapigwa mstari. Wa tano, shemeji yake, bado.