Hilo si doa: acheni kuikamulia marumaru ndimu

Mimi ni fundi wa kaunta za mawe, na juzi nimeitwa Mbweni. Jiko jipya, kaunta ya marumaru nyeupe, haijatimiza miezi mitatu. Bi mkubwa mwenye nyumba akanionesha duara la njano, alama ya bakuli la urojo. Nikamuuliza ameshalifanya nini. "Nimelisugua ndimu na siki, mwanangu, kama tunavyosugua sinia." Nikavuta kiti nikakaa. Hii ni mara ya nne tangu Ramadhani kwisha, na nimechoka kuyasema haya nyumba kwa nyumba. Atakayeniita tena nitamtumia ukurasa huu kabla sijapanda daladala.

Sinia ni shaba. Ndimu hula ule weusi wa juu, shaba ya chini ikabaki inang'aa. Marumaru (na hapa simaanishi vigae) ni kalsiamu kabonati, ndugu wa damu wa matumbawe na chokaa iliyojengea Mji Mkongwe. Chukua kipande cha lipu ya zamani, kidondoshee ndimu, utaona povu. Povu hilo ni jiwe linaliwa. Asidi haijui kuchagua hapa uchafu, hapa kaunta.

Sasa lile linaloniudhi hasa: kila alama inaitwa doa. Doa ni kitu kilichoingia. Mafuta, chai, bizari, vimepenya kwenye vitundu vya jiwe, rangi ikageuka. Kulika ni kinyume chake, maana hapo hakuna kilichoingia ila kuna kilichotoka. Inama mpaka macho yawe sawa na kaunta, washa tochi ya simu uiweke upande wa pili. Penye doa mwanga unateleza kama kawaida. Palipolika pamefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na ukipitisha kidole unasikia mkwaruzo. Doa unaweza kulivuta likatoka. Palipolika utavuta nini? Na kila ukirudi na ndimu yako unazidi kuchimba.

Urojo una hila kwa sababu unaleta yote mawili kwa bakuli moja. Ndimu na embe mbichi zinakula uso, bizari inapaka rangi kwenye kidonda hichohicho. Kisha mtu anaosha kwa sabuni, njano inageuka nyekundu, anapiga simu kwa kelele kwamba sabuni imeua jiwe. Haijaua. Bizari ikikutana na sabuni kali huwa nyekundu, ndivyo ilivyo. Kwenye kanga unaianika, jua linaimaliza. Kaunta huianiki.

Dawa yake ni udongo wa kubandika. Chukua poda nyeupe inayonyonya, hata ya mtoto inafaa, uichanganye na haidrojeni peroksaidi, ile ya kuoshea vidonda, mpaka iwe nzito kama uji mgumu. Bandika unene wa nusu sentimita na zaidi, pitisha kidogo mpaka wa doa, funika kwa nailoni, acha saa 24. Halafu toa nailoni na uache udongo ukauke wenyewe. Hapa ndipo watu wananishinda! Wanaubandua ungali mbichi, kisha wanasema dawa ya fundi haifanyi kazi. Unyevu ukipanda kwenye poda unabeba uchafu kutoka ndani, na usipokauka kilichobebwa kinabaki njiani. Rudia mara mbili, tatu. Kwenye jiwe jeusi jaribu kwanza pembeni, peroksaidi inaweza kulififisha.

Mafuta na samli ni mtindo huohuo, ila badala ya peroksaidi tia asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Madirisha wazi, jiko la gesi limezimwa. Kama kaunta yako ni ile ya kiwandani ya mawe na gundi, asetoni usiiguse. Kutu ya chini ya kopo ndiyo inayonivunja moyo. Nyengine hutoka, nyengine nimezibandika mara tano nikamrudishia mtu pesa yake.

Bekingi soda na siki pamoja, zinavyochemka kwenye video! Moja inaiua nyengine, unabaki na maji ya chumvichumvi. Hilo ni la kucheka. Lisilochekesha ni kutia jiki kwenye siki au ndimu: inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Usifanye hata chooni.

Weupe unaozunguka bomba je? Maji yetu ya visima yamepita kwenye mawe ya chokaa, ndiyo maana birika lina ukoko. Ukoko huo na marumaru yako ni kitu kimoja, kwa hiyo dawa ya kuyeyusha ukoko itayeyusha na kaunta. Mimi nalowesha, nakwangua kwa wembe uliolazwa, taratibu, na bado naogopa. Kufuta maji kila jioni ni rahisi kuliko kuniita.

"Lakini nimeuziwa graniti." Kwaruza kwa ncha ya kisu chini ya ukingo, pasipoonekana. Graniti haikwaruziki, na ndimu haiibabaishi, ingawa mafuta inanyonya. Nyeupe yenye mishipa ya kijivu inayokwaruzika ni marumaru, aliyekuuzia aseme atakavyo.

Na msinambie mmepaka sila. Sila inaziba vitundu ili doa lisizame, lakini asidi inauma uso. Hata hiyo sila yenyewe siiapii: nimeona jiwe lililopakwa likinywa mafuta, na jiwe jeusi lisilopakwa miaka likakaa salama. Dondosha maji, subiri dakika kumi. Pakiingia kiza, paka. Pasipoingia, weka pesa zako.

Palipolika panasuguliwa upya kwa pedi za almasi, kuanzia namba 400 iliyo kali, kisha zinazozidi kulainika, 800, 1500, 3000, halafu poda ya kung'arishia. Niliwahi kusugua pahala pamoja tu, kama sahani. Pakang'aa, na pakawa kishimo kinachoonekana kila taa ikiwashwa. Nikasugua kaunta nzima, mita tatu, kwa gharama yangu. Siku hizi wanaopika kweli nawashauri waache jiwe bila mng'aro, ndimu ikiuma haionekani sana.

Bi mkubwa wa Mbweni njano yake imetoka kwa mabandiko mawili. Duara lipo. Ameuliza kama anaweza kuliwekea sinia juu, nikamwambia aweke. Akaniletea juisi ya ukwaju, na ile glasi niliishika mkononi mpaka nikaimaliza.