Alama za viza hazipimi ubora wako

"Wakili, si huko ng'ambo wanachukua walio bora?" Wiki hii nimeulizwa hivyo mara tatu, ya mwisho na muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku akaja moja kwa moja ofisini kwangu hapa katikati ya mji. Ana miaka 46, na karibu 20 ameitumikia wodini. Kwenye mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa alama, alama zake za umri ni sufuri. Aliye na miaka 20 hadi 29, asiye na mwenzi, anapewa 110. Uzoefu wa kazi nje ya Kanada nao unahesabiwa hadi miaka mitatu tu. Hiyo mingine yote ya mama huyu haimwongezei kitu.

Basi tuelewane. Alama hupima kile ambacho afisa anaweza kukihesabu kwenye karatasi: umri, cheti, mtihani wa lugha. Mkono unaojua kuutafuta mshipa wa mtoto mchanga haujatengewa nafasi kwenye fomu.

Mfumo wenyewe siukatai. Kanada ilipoanza kutumia alama mwaka 1967, baada ya miaka mingi ya kuchagua watu kwa asili na rangi, watu kama sisi tulipata pa kupitia.

Kinachonikera ni neno "ujuzi". Februari 2022 Uingereza, ikiwa na uhaba, iliwafungulia mlango wahudumu wa wazee. Julai 2025 ikaufunga kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Mwombaji ni yuleyule, cheti kilekile, na wazee wa huko bado wanahitaji kuogeshwa na kulishwa. Ujuzi haukupungua hata chembe. Siasa ndiyo iliyogeuka.

Nasi tunafanya vivyo hivyo. Hapa Kenya, kibali cha kazi cha Daraja D, kile cha mgeni anayeajiriwa, humtaka mwajiri aonyeshe kwamba ujuzi anaoutafuta haupatikani nchini. Barua hizo nimeziandika nyingi, na najua kwamba wakati mwingine "haupatikani" maana yake ni kwamba haukutafutwa.

Nchi ina haki ya kuweka kikomo, hilo nakubali. Ila maombi ya muuguzi yakifaulu, wodi anayoiacha inabaki na nani? Swali hilo naenda nalo nyumbani kila jioni, na jibu sijalipata.

Mama yule nimemwambia ajaribu kuteuliwa na mojawapo ya majimbo ya Kanada, maana uteuzi huo huongeza alama 600. Atarudi Ijumaa na barua za waajiri wake, akitoka zamu.