Minyoo ya Kenyon haikuongezewa jeni

Wengi husimulia kwamba wanasayansi walipata "jeni ya maisha marefu" wakaipandikiza kwa minyoo. Sivyo. Mwaka 1993, mwanabiolojia Cynthia Kenyon na wenzake huko San Francisco, Marekani, walionyesha kwamba mnyoo C. elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi, huishi zaidi ya mara mbili ya umri wa kawaida jeni yake ya daf-2 ikidhoofishwa. Alipunguziwa, hakuongezewa. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi, yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa homoni za jamii ya insulini. Kikilegea, jeni nyingine, daf-16, huwasha ulinzi wa seli. Izime daf-16, na umri wa ziada hutoweka. Wala minyoo hao hawakuwa vikongwe wa kujikokota: wenzao walipolala hoi, wao bado walitambaa. Kwa panya ongezeko la umri ni dogo zaidi, kwa hiyo muuza vidonge vya ujana mwache apite.